Majibu ya Watu Kumi na Mmoja

Watu walianza kumzungumzia Refa kwa wakati uliopita siku ya Jumatatu mchana, na mwenyewe kakaa palepale kwenye kiti cha plastiki, kikombe mkononi, anawasikiliza.

"Alikuwa na msimamo," jirani wa nyumba ya pili alisema huku akitikisa kichwa. "Ukicheza rafu, hata uwe mtoto wa nani, kadi unapewa."

"Nipo hapa," Refa alisema.

"Tunajua, mzee wetu. Tunasema tu."

Refa alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha ya chuma. Jina alilipata kwa kuchezesha mechi za mtaa kila Jumapili kwa miaka ishirini na mmoja, bila malipo na bila shukrani. Tumbo lilipoanza kumsumbua alilinyamazia, kama anavyowanyamazia mashabiki, mpaka siku mkewe alipomburura hospitali kwa nguvu. Wakaona uvimbe kwenye utumbo mpana. Ni saratani, wakasema, lakini ni ya kukatika. Bahati ikamwangukia: daktari bingwa wa upasuaji alikuwa amekuja kwa wiki mbili kupasua wagonjwa waliowashinda wenyeji, na Refa akapangiwa Ijumaa. Kabla ya kisu alichukuliwa damu, kisha wakamchoma sindano ndefu kwenye mfupa wa nyonga kutoa uboho, ili ijulikane kama ugonjwa umeshatembea.

Jumatatu asubuhi majibu yakatoka. Umetembea. Umefika kwenye uboho. Hakuna haja ya kumpasua mtu ambaye ugonjwa umeshamwenea. Arudi nyumbani, apewe dawa ya maumivu, ndugu wakae naye karibu.

Aliyeileta karatasi hiyo nyumbani ni binti yake mkubwa, maana alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali ileile. Mtaani walimwita Dokta Mkojo. Walilitamka kwa utani, lakini walilitamka kila siku. Miaka mitatu ya chuo, na bado shangazi zake waliamini kazi yake ni kushika vikopo vya watu. Siku hiyo hakuna aliyemtania. Walimpisha njia kama wanavyompisha mtu aliyebeba maji ya moto. Na kilichomkata maini zaidi hakukisema kwa yeyote: vioo vile vya uboho alivitia rangi yeye mwenyewe, kwa mikono yake, bila kujua ni vya nani, kwa sababu huandikwa namba tu.

Saa kumi jioni alifika baba mdogo, akiwa na mkokoteni.

"Kaka, pole sana," alisema, akamshika Refa bega muda wa kutosha kuonekana na wote. Kisha akapitiliza hadi karakana ya uani. Mama alisikia chuma kikiburuzwa, akatoka jikoni mbio.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Mashine ya kuchomelea ikikaa bila kazi inapata kutu, shemeji. Naihifadhi tu."

"Mwenye mashine yuko hai."

"Ndiyo maana nimekuja akiwa hai. Tusije tukagombana baadaye."

Mama alikusanya kanga yake, akaenda akaikalia ile mashine. Mwanamke mnene, mwenye miaka hamsini na nne, juu ya mashine ya kuchomelea, mikono kifuani. Baba mdogo akamtazama, akautazama mkokoteni, akahesabu nguvu zake, akaona hesabu haikubali. Aliondoka na waya tu, kauviringa begani. Binti alikutana naye getini. Akamwamkia, kwa sababu baba mdogo ni baba, kisha akaingia ndani na hasira iliyokosa pa kukaa.

"Umeona?" Refa alimwambia, sauti chini. "Mechi haijaisha, watu washaanza kung'oa goli."

"Baba, lini umechezesha mara ya mwisho?"

"Wiki tatu zilizopita. Kwa nini?"

"Dakika tisini zote?"

"Na za nyongeza. Walikuwa wanapoteza muda, wapumbavu wale."

Binti alimtazama baba yake usoni, akamtazama tena. Kuna kitu kilimgusa kichwani, kidogo tu, kama mtu anayekugonga bega kwenye foleni.

*

Jumanne alifika maabara kabla ya mfagizi. Alitoa slaidi ya baba yake kwenye sanduku, akaiweka chini ya darubini.

Kipimo chenyewe kilikuwa kipya. Miezi miwili nyuma hospitali ilipokea kichupa cha kingamwili, na kazi ya kingamwili ni kama ya mjumbe anayetumwa sokoni kumtafuta mtu mmoja. Seli za saratani ya utumbo hubeba usoni antijeni fulani, alama yao. Mjumbe akiiona alama hiyo anainasa, na palipo na mjumbe huota rangi ya kahawia. Kahawia maana yake saratani. Hivyo ndivyo walivyofundishwa kwa nusu siku, na hivyo ndivyo walivyosoma.

Uboho wa Refa ulikuwa kahawia kila mahali.

"Haiwezekani," Binti alisema peke yake. Kama zile zote ni seli za saratani, damu ya kawaida ingetengenezwa wapi? Mtu huyu angekuwa mweupe kama karatasi, asingepanda hata ngazi, sembuse kukimbia dakika tisini na za nyongeza na kugombana na vijana. Alichomoa karatasi ya vipimo vingine vya baba yake. Wingi wa damu: mzuri. Seli nyeupe: nzuri. Akarudi kwenye darubini, safari hii akaiacha rangi, akaangalia maumbo. Alizungusha lenzi polepole. Viini vya zile seli za kahawia vilikuwa vimebanwa vipande viwili, vitatu, kama karanga ndani ya ganda moja.

Viini vya namna ile alivifahamu tangu mwaka wa kwanza chuoni. Ni seli nyeupe za kawaida, askari wa damu, wale wanaokimbilia jipu na kidonda. Kila mtu anazo. Walimpaka rangi askari, wakamwita mwizi.

Au alikuwa anaona anachotaka kuona? Lilikuwa swali la haki, na alijiuliza kwa sauti. Kisha akachukua sindano ndogo, akajidunga kidole, akaitandaza damu yake mwenyewe kwenye kioo kisafi.

Kuitia rangi huchukua karibu saa tatu: kukausha, kuosha, tone la mjumbe, kusubiri, kuosha, kusubiri tena. Alifanya kazi zake nyingine katikati huku akitazama saa ya ukutani kama ina deni lake. Saa tano kasoro akaiweka slaidi chini ya lenzi.

Kahawia. Seli moja, ya pili, ya kumi. Kahawia iliyokolea.

Kwa pumzi moja aliogopa. "Na mimi?" Kisha akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja, maana katika chumba kile hakuna anayecheka saa tano asubuhi. Akashuka ngazi mbilimbili mpaka getini.

"Kaka mlinzi, nipe kidole."

"Cha nini?"

"Unaumwa?"

"Mimi? Jana nimekula sahani tatu."

"Ndiyo maana nakitaka."

Akamdunga mlinzi. Akamdunga mfagizi, mama mwenye mtoto mchanga, mzima wa afya. Akamdunga dada wa mapokezi aliyepiga kelele kama anachinjwa. Saa tisa alasiri slaidi zote tatu zilikuwa mezani, na zote zilikuwa na seli za kahawia, nyingi kama mchanga.

*

Mkuu wa maabara walimwita Bosi, na jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, aliyesoma sana na kusahau kidogo, na ndiye aliyetia sahihi majibu yote ya kipimo kile. Aliwasikiliza wengine wote kwanza. Binti alisimama mlangoni dakika arobaini.

"Kumi na tisa sifuri nne," Bosi alisema hatimaye, akisoma namba kwenye slaidi. "Huyu ni nani?"

"Ni baba yangu."

Watu watatu waliokuwa mezani waliinua vichwa.

"Unajua sheria inasemaje kuhusu kugusa kipimo cha ndugu yako?"

"Najua, mheshimiwa. Niliposhika mara ya kwanza sikujua ni yeye. Lakini naomba uangalie hizi nyingine. Hii ni damu yangu. Hii ya mlinzi. Hii…"

"Umetumia dawa ya hospitali kupima walinzi?"

"Matone manne."

"Matone manne!" Aliligeukia lile kundi la mezani, kana kwamba anawaomba ushahidi. "Nimekuwa kwenye kazi hii kabla hujazaliwa. Nakuelewa, mwanangu, mzazi anauma. Lakini kila mwenye mgonjwa angekuja kubadilisha majibu, tungefunga hii nyumba. Lete ufunguo wa friji ya dawa."

Binti akauvua shingoni mbele ya wote. Uzi wa ufunguo ulinasa kwenye nywele zake, ikabidi mwenzake amsaidie kuunasua, na kunasuliwa kule kulimwaibisha kuliko maneno. Akauweka mezani.

"Na kitambulisho chukua, mheshimiwa. Lakini angalia kioo kimoja tu."

"Huyo mlinzi unajua anaumwa nini? Mfagizi je? Watu wanatembea na magonjwa."

"Basi tumia damu ya mtu unayemwamini."

Hata mashine ya kuzungusha damu ilionekana imeshusha sauti. Bosi alimtazama yule binti kwa muda, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona mlango ambao hakutaka kuuona. Akafungua kifungo cha mkono wa shati. Akakunja mara moja, akakunja mara ya pili, mikunjo ya pasi ikaharibika.

"Usiguse kitu," alisema. "Nitafanya mwenyewe."

Hakuwa amepaka rangi slaidi miaka minane. Binti alisimama mlangoni, mikono mgongoni kama mwanafunzi aliyechelewa, na alipomwona Bosi anasita, alisema taratibu, "Sasa kuosha, dakika tano." Bosi akaosha. "Tone moja tu." Akaweka tone. "Funika, isikauke." Akafunika. Saa za kazi ziliisha, wale watatu wa mezani wakaaga, lakini hakuna aliyeondoka. Mfagizi alikuja, akajifanya anapangusa dirisha lilelile.

Saa moja kasoro Bosi akainamia darubini.

Alikaa hivyo muda mrefu. Alizungusha lenzi ndogo, kubwa, ndogo tena. Alipoinua kichwa, duara za macho ya darubini zilikuwa zimemchora usoni.

"Kwa kipimo hiki," alisema, "mimi ni mtu wa kwenda nyumbani kukaa na ndugu zangu."

Akawageukia.

"Nimetia sahihi watu wangapi?"

"Kumi na mmoja, mheshimiwa. Tangu kichupa kipya kifike."

Bosi alikaa kwenye stuli. Kisha akaanza kuzungumza haraka, kama mtu aliyekatazwa kusema mwaka mzima. Antijeni ya saratani na ile iliyo kwenye seli nyeupe, alisema, ni za ukoo mmoja. Zimefanana sura kama ndugu. Mjumbe mzuri anawatofautisha. Huyu wa kichupa hiki hawezi. "Ukisimama sokoni ukaita 'Fundi!' wanageuka wangapi? Wote wanageuka! Na sisi tumewafunga wote!" Alipiga meza kwa kiganja. "Na hakuna hata siku moja tuliyoweka damu ya mtu asiyeumwa pembeni ili tulinganishe. Hata siku moja!"

"Mheshimiwa, bado siku tatu ifike Ijumaa."

"Najua Ijumaa ni lini." Alikuwa amesimama, anafungua friji, anahamisha visanduku. "Kuna ile ya zamani. Seli ya utumbo, hata ikitoroka ikaenda kukaa kwenye mfupa, hubeba nguzo zake za ndani. Seli ya damu haina nguzo hizo. Tulikuwa na kingamwili ya hizo nguzo. Iko wapi? Nani kaihamisha?"

Ilikuwa nyuma ya kila kitu, kichupa kidogo kuliko kidole gumba, tarehe yake bado haijapita. Bosi alikiinamisha kwenye taa. Matone matatu, labda.

"Moja kwa kipande cha uvimbe wenyewe, tuone kama dawa bado inafanya kazi," alisema. "Moja kwa damu yangu. Moja kwa kumi na tisa sifuri nne." Akamtazama Binti. "Huyu ndiye mwenye kisu cha karibu. Ingekuwa mgonjwa mwingine ningesema hivyohivyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Chukua ufunguo wako."

*

Jumatano saa nne asubuhi walisimama wote nyuma ya kiti cha Bosi. Uvimbe ulikuwa kahawia, kama ilivyotakiwa. Damu ya Bosi ilikuwa safi, haina doa. Akaweka slaidi ya tatu. Akaipitia mstari kwa mstari, toka pembe hadi pembe, akihesabu kwa midomo, na Binti akajikuta ameshika mgongo wa kiti mpaka vidole vimekufa ganzi.

"Hakuna," Bosi alisema. "Nimepita seli zaidi ya elfu tano. Hakuna hata moja."

Mfagizi alipiga kigelegele dirishani. Huko wodini wauguzi wakadhani kuna mtu kajifungua.

Bosi mwenyewe ndiye aliyempigia simu daktari mgeni. Hakumtuma mtu. "Nilikuletea majibu yasiyo sahihi," alisema kwenye simu, amesimama wima kama yuko mbele yake. "Sahihi ni yangu. Mgonjwa ana saratani, lakini haijatembea." Akasikiliza. Uso ukabadilika. Akaziba simu kwa kiganja.

"Nafasi ya baba yako kampa mama mwingine. Na huyo naye anahitaji."

*

Binti alifika nyumbani akiwa hana pumzi. Aliwakuta baba na mama sebuleni pamoja na jirani wa nyumba ya pili, aliyekuja tena kusifia. Alieleza mara moja, hakueleweka. Akaeleza mara ya pili, mama akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na jirani akauliza, "Kwa hiyo hafi?"

"Nilikwambia nipo hapa," Refa alisema.

Lakini Binti alipofika kwenye habari ya nafasi, Refa aliinua mkono. "Huyo mama ameshaambiwa?"

"Ameshalazwa, baba."

"Basi asitolewe. Mchezaji wa akiba akishaingia uwanjani, huwezi kumtoa eti kwa sababu aliyetoka amepona mguu."

"Huu si mpira!" Mama alisimama. "Hili ni tumbo lako! Miaka ishirini na moja unawapa haki watu wanaokutukana, leo siku moja ujipe haki wewe, unakataa?"

"Mke wangu, nikilala pale mezani nikijua nimemwondoa mwenzangu, nitaamka vipi?"

"Utaamka! Ndicho ninachotaka, uamke!"

Wakatazamana. Chumba kizima kilikuwa na joto la maneno yao. Binti alisema kwamba hakuna anayemwondoa mtu, kwamba Bosi ameenda kumwona daktari uso kwa uso, wasubiri simu. Wakaiweka simu katikati ya meza, wakaisubiri kama kaka mkubwa aliyeahidi kuleta jibu la mahari. Ilipolia, watu wanne waliinyakua kwa pamoja, ikaanguka, ikaendelea kulia sakafuni.

Daktari alikuwa anasafiri Jumamosi jioni. Alisema asubuhi ya Jumamosi alitaka kufunga mizigo, lakini mizigo inaweza kufungwa na mtu yeyote. Mgonjwa alazwe kesho. Na ipatikane damu, chupa mbili.

Damu ya Refa haikuwa ya kila mtu. Ya Binti haikumfaa. Ya mama haikumfaa. Alhamisi mchana, dirisha la benki ya damu likiwa na foleni fupi, nani akatokea kama si baba mdogo. Hakumwangalia mtu machoni.

"Nimesikia," alisema. "Mimi na kaka tumetoka tumbo moja."

"Karibu, baba mdogo," Binti alisema, akamvutia kiti.

Alipokwisha kudungwa, na mfuko unajaa polepole pembeni yake, baba mdogo aliutazama kwa wasiwasi.

"Mwanangu. Hiyo damu yangu… haina ile rangi mliyosema?"

"Inayo, baba mdogo. Kila mtu anayo."

"Hata mimi?"

"Hata Bosi."

Akavuta pumzi, akaegemea. Baada ya muda akasema, akitazama dari, "Waya nitaurudisha leo."

*

Jumamosi upasuaji ulianza saa moja asubuhi. Saa tano mlango ukafunguliwa, na daktari akatoka, mwanamke mfupi, kofia ya kijani imemwacha mstari kwenye paji la uso. Mama aliinuka kabla hajaitwa.

"Nimeutoa wote," daktari alisema. "Ini nimelishika kwa mkono wangu, ni safi. Tezi tumezipeleka maabara." Akamgeukia Binti. "Wewe ndiye uliyejidunga kidole?"

"Ndiyo, daktari."

Daktari alimpa mkono. Mama akaupuuza ule mkono wa adabu, akamkumbatia daktari mzima mzima na kumnyanyua kutoka sakafuni.

Bosi hakuwepo kwenye shangwe hizo. Alikuwa ofisini anaandika barua, moja moja, kwa mkono. Aliagiza kingamwili nyingine, akachunguza slaidi za wale kumi wote waliobaki. Saba walikuwa safi kama Refa. Wawili ugonjwa ulikuwa umetembea kweli, na hao aliwaita akawaeleza tena, polepole, kwa heshima iliyokosekana mara ya kwanza. Mmoja alikuwa amekwishazikwa. Kipimo kipya kilipotoka, hata kwake hakuna kitu kilichoonekana. Bosi alikwenda nyumba hiyo peke yake, kwa miguu. Alichosema huko hakukirudia kwa mtu. Siku ya tatu akaja na sheria mpya: hakuna kundi la slaidi litakalosomwa bila damu ya mtu asiyeumwa pembeni. Siku ya kwanza alikunja shati, akatoa yake.

*

Katika wale saba, sita walipatikana kwa simu. Mmoja, msusi, simu yake ilikuwa imezimwa. Binti alimtafuta wiki nzima mpaka akaambiwa amehamia kwa dada yake, ng'ambo ya barabara ya reli.

"Nakwenda na wewe," Refa alisema.

"Baba, una wiki tano tu tangu upasuliwe."

"Ukifika peke yako na koti lako jeupe, atadhani umeleta mabaya zaidi. Maiti mwenzake akimweleza, ataelewa."

Walitembea taratibu, Refa mkono ubavuni, akisimama kila baada ya nguzo chache na kujifanya anaangalia mageti ya watu. "Hili nani kachomelea? Aibu tupu." Walimkuta msusi kakaa kwenye ukingo wa godoro, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kichwa kimefungwa kitambaa, chumba kitupu. Viti vyake vya saluni alikuwa amempa dada yake. Kioo kikubwa amempa dada yake. Vitana, nywele za bandia, mpaka redio. Alijiandaa vizuri.

Binti alieleza. Msusi alisikiliza bila kupepesa jicho.

"Mara ya kwanza pia mlikuwa na uhakika," alisema.

Ilikuwa kweli. Refa ndiye aliyesogea, akakaa kwenye sakafu kwa taabu, akapandisha shati. Kovu lilikuwa refu, jekundu bado, limevukwa na alama za nyuzi.

"Na mimi waliniandikia karatasi hiyohiyo," alisema. "Majirani walishaanza kunisifia."

Msusi aliinama, akalitazama kovu kuanzia juu hadi chini, kama anavyotazama mstari wa nywele uliogawanywa na mtu mwingine.

"Na mimi watanipasua?"

"Wa kwako hata wenyeji wanauweza," Binti alisema. "Mwezi ujao. Uvimbe upo, dada, sikudanganyi. Lakini uko mahali pamoja."

Msusi akasimama ghafla, akaenda dirishani, akapaza sauti iliyokuwa haijatumika miezi miwili:

"Dada! Dada wee! Njoo!"

Kilio kilianza uani kabla hata mtu hajaonekana. Dada mtu aliingia mbio, machozi yanatiririka, kanga imeanguka bega moja, nywele zimesukwa nusu kichwa na nusu nyingine zimesimama ovyo. Akajitupa mlangoni akijua saa imefika. Akamkuta mdogo wake amesimama wima, anamtazama kichwa kwa hasira.

"Nani kakusuka hivi?"

"Ni… ni yule msichana niliyemwajiri. Wewe unaumwa wapi? Nini kimetokea?"

"Hii ni mistari au ni nyoka? Kwenye viti vyangu? Kalete kitana. Kalete na kiti. Vilete vyote, nimesema, kabla hujaniharibia jina!"

Dada mtu alimtazama Refa aliyekaa sakafuni na shati juu, akamtazama Binti, akamtazama mdogo wake. Hakuelewa kitu, lakini miguu ilikwishaelewa, ikamrudisha mbio uani. Alirejea na kitana mkononi na kiti kimoja kichwani. Msusi alimkalisha, akamfumua mstari wa kwanza. Akagawanya nywele, mgawanyo ukaenda upande. Akaufuta kwa kiganja, akaanza upya, na wa pili ukanyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni.